Karata nzuri, kiti kibaya

Kopa, uru, shupaza, pau. Majina haya tumeyarithi barazani bila kuuliza yalikotoka. Wareno waliokaa pwani yetu karne ya 16 na ya 17 ndio waliotuachia: kwao ni copas, ouros, espadas na paus. Hata neno karata lenyewe ni lao, na turufu pia. Kwa hiyo ndugu msomaji, usishangae mwandishi wa Bongo akiamua kutumia Jumapili yake nzima kuandika habari za karata. Sisi na karata tunajuana siku nyingi.

Ila leo sizungumzii arubastini. Nazungumzia poka, ile wanayocheza watu wenye miwani myeusi kwenye televisheni, na najua kuna wasomaji wangu ambao kwao kamari ni haramu, mwanzo na mwisho. Simshawishi mtu kucheza. Mimi nimeingia huku kwa mlango wa historia. Kazi yangu gazetini ni kuandika matokeo: nani kashinda, nani kashindwa, mabao mangapi, kura ngapi. Mhariri wangu anataka mshindi awe kwenye aya ya kwanza, nafasi ikibaki ndiyo tueleze alishindaje, na nafasi huwa haibaki. Poka ni mchezo ambao "alishindaje" ina uzito kuliko "nani," na kuna mchezo mmoja wa mwaka 2010 ambao sijaweza kuutoa kichwani. Nitaufikia. Kwanza lazima tuelewane kuhusu viti.

Poka inayochezwa zaidi duniani inaitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Halafu zinafunuliwa karata tano katikati ya meza ambazo ni za wote: kwanza tatu kwa mpigo, ambazo wenyewe wanaziita flopu, kisha ya nne, kisha ya tano. Anayeunda mkono bora wa karata tano kutoka katika hizo saba ndiye anayechukua lundo la chipu katikati (chipu, jamani, msiwaze chipsi mayai). Kati ya kila hatua watu wanaweka dau: mara moja kabla ya flopu, mara moja baada yake, mara moja baada ya karata ya nne na mara moja baada ya ya tano. Mara nne. Ikifika zamu yako unaweza kupita kama hakuna aliyeweka kitu, kuweka, kulipa alichoweka mwenzako, kuongeza, au kutupa karata zako ukae kando.

Sasa sikiliza hapa. Zamu inazunguka kwa mpangilio. Kuna kidude cha duara kinachohama kiti kimoja kila baada ya mgao, na aliye nacho ndiye anayesema mwisho kuanzia flopu na kuendelea. Wa kwanza kushoto kwake ndiye anayesema mwanzo. Ukisema mwanzo katika flopu, utasema mwanzo pia katika karata ya nne na ya tano. Yaani mara tatu mfululizo unaamua bila kujua mwenzako atafanya nini, na yeye mara tatu mfululizo anaamua akiwa tayari amekuona.

Kama umewahi kununua viatu vya mtumba Kariakoo, jambo hili hulihitaji kuelezwa. Anayetaja bei kwanza ameshajiuza. Ukisema elfu kumi na tano, muuzaji ambaye angekubali elfu kumi anakuangalia tu kwa huruma. Kiti kibaya katika poka ni kutaja bei kwanza mara tatu kwa mtu yule yule, kwa kiatu kile kile.

Wanaoanza hawalijali hili kabisa. Macho yao yako kwenye karata mbili walizopewa, na karata wanazoziota ni jozi kubwa: ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, jeki wawili. Ni sawa, hazipatikani kirahisi. Uwezekano wa kupewa ree mbili ni mara moja katika migao 221, na hivyo hivyo kwa wafalme au jeki. Mtu akizipata baada ya saa tano za kutupa takataka, anahisi amelipwa mshahara wake. Anasahau kwamba jozi ni mkono uliokwisha kuiva. Haikui sana. Flopu itamletea karata ya tatu inayofanana na zake mara moja tu katika kila flopu nane au tisa. Mara nyingi alichonacho mwanzoni ndicho atakachokuwa nacho mwisho, wakati wenzake wanaweza kukua na kumpita.

Jeki wawili ndio wanaotesa zaidi. Hesabu inasema flopu italeta angalau malkia, mfalme au ree mmoja kwa asilimia kama 57. Yaani zaidi ya nusu ya safari zako, hata kama jozi yako bado iko mbele, hutakuwa na uhakika nayo. Na kama umekaa kiti kibaya lazima uchague kwanza: uweke dau halafu uongezewe, au upite halafu uonekane dhaifu.

Hayo leo yapo katika kila kitabu. Kuyajua kulichukua muda mrefu na pesa nyingi za watu.

Bunge la jimbo la Texas lilitambua rasmi mwaka 2007 kwamba mchezo huu ulizaliwa katika mji mdogo wa Robstown, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miongo kadhaa ulibaki kuwa mchezo wa vyumba vya nyuma. Kina Doyle Brunson, Amarillo Slim Preston na Sailor Roberts walizunguka Texas na majimbo ya jirani wakiucheza na matajiri wa mafuta na wafugaji wa ng'ombe, huku wakikwepa polisi upande mmoja na majambazi upande mwingine. Miaka ya 1960 ulihamia Las Vegas, ambako kamari ilikuwa halali.

Mwaka 1970 Benny Binion, mwenye kasino ya Horseshoe, alikusanya wachezaji wachache maarufu na kuwaacha wacheze, kisha wakapiga kura kumchagua aliye bora. Akachaguliwa Johnny Moss. Bingwa wa dunia kwa kura! Mwaka uliofuata waliona haifai, wakaanzisha utaratibu uliopo mpaka leo: kila mtu analipa kiingilio, anapewa chipu sawa na wenzake, zikimwisha anaondoka, na anayebaki na chipu zote ndiye bingwa. Kiingilio cha shindano kuu kikawekwa dola 10,000 mwaka 1972 na hakijapanda wala kushuka tangu hapo.

Utaratibu huo ulibadilisha maana ya kiti kibaya. Katika mchezo wa kawaida wa pesa, ukichomwa na jozi yako unatia mkono mfukoni, unanunua chipu nyingine, unaendelea. Katika shindano ukichomwa unachukua koti lako. Tena madau ya lazima, yale ambayo watu wawili huweka kabla ya kuona karata, yanapanda kila baada ya muda, kwa hiyo huwezi kukaa ukingoja ree mbili uzikute kwenye kiti kizuri. Mgao mmoja katika 221, ugawe tena kwa viti tisa. Chipu zako zitakuwa zimeliwa zamani.

Mmoja wa watu wa kwanza kuliweka hili kwenye maandishi yaliyosomwa na wengi ni Brunson mwenyewe. Alikuwa bingwa wa dunia 1976 na 1977, na mwaka 1978 alichapisha kwa pesa zake kitabu kinene ambacho baadaye kilijulikana kama Super/System. Kiliuzwa dola 100, pesa ndefu kwa kitabu wakati ule. Ndani yake alisema mambo mawili yaliyowashangaza wengi. La kwanza, kwamba kiti ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. La pili, kwamba ukiwa na ree au wafalme wawili, kwa kawaida utashinda lundo dogo au utapoteza lundo kubwa.

Hebu lisome tena hilo la pili. Mkono bora kuliko yote, na bingwa anasema una tabia ya kushinda kidogo na kupoteza kingi! Sababu yake ndiyo niliyoieleza juu. Wanaokulipa wakati umewazidi hawana kitu, kwa hiyo wanakimbia mapema. Wanaobaki mpaka mwisho na kuweka chipu zao zote mara nyingi ni wale waliokwisha kukupita. Na ukiwa unasema kwanza hujui mbele yako yuko yupi kati ya hao wawili. Brunson, aliyefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, alikuwa akisema kwamba kitabu kile kilimpotezea pesa nyingi kuliko kilizomwingizia, maana wapinzani wake walikisoma.

Wengi hawakukisoma, hata hivyo. Na aliyetaka kujifunza kwa kutazama hakuwa na cha kutazama. Poka kwenye televisheni ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa picha za wanaume wanaoangaliana. Karata zao za siri zilibaki siri mpaka zifunuliwe mwisho, na waliozitupa hawakuonyesha walichotupa. Umma uliona matokeo tu. Kama gazeti langu!

Aliyebadilisha hilo hakuwa mcheza kamari wa Texas. Henry Orenstein alizaliwa Poland mwaka 1923, akapitia kambi za mateso za Wanazi, akahamia Marekani na kuwa mbunifu wa vitu vya kuchezea watoto. Uzeeni alibuni meza yenye kamera zinazoona karata za siri za kila mchezaji na kuzionyesha kwa watazamaji. Kipindi kimoja cha Uingereza kilianza kutumia kamera za chini ya meza mwaka 1999, na miaka michache baadaye Wamarekani nao wakaingia. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker (ndilo jina lake halisi, wala simtanii) alipata kiti kwa shindano dogo la kwenye intaneti, akawashinda watu 838 na kuchukua dola milioni 2.5 mbele ya kamera hizo. Mwaka uliofuata walijitokeza 2,576. Mwaka 2006 walikuwa 8,773.

Kamera ilifundisha watu, lakini pia ilifundisha vibaya. Kipindi cha saa moja hakiwezi kuonyesha siku nzima ya watu kutupa karata. Kinachagua ree dhidi ya wafalme, chipu zote katikati, mtu anaruka, mwingine analia. Ni kama mikeka ya kubeti tunayorushiana kwenye simu siku hizi: unaona uliotiki tu, ile arobaini iliyochanika huonyeshwi. Kijana aliyejifunza poka kwa kutazama vipindi hivyo alijua kwamba jozi kubwa ni za kuwekea chipu zote. Viti hakuviona, maana kamera haikukaa juu yao muda wa kutosha.

Haya. Sasa tufike Julai 2010, kasino ya Rio, Las Vegas.

Walioingia shindano kuu mwaka ule walikuwa 7,319, kila mmoja kwa dola 10,000 zake au za mfadhili wake, na kila mmoja akapewa chipu 30,000. Baada ya siku nyingi za kucheza walibaki 15. Tisa kati yao wangeingia fainali itakayochezwa Novemba (huo ulikuwa utaratibu kuanzia 2008 hadi 2016), na bingwa alisubiriwa na dola milioni 8.9. Miongoni mwa hao 15 walikuwepo vijana wawili. Jonathan Duhamel, miaka 22, kutoka Quebec nchini Canada. Na Matt Affleck, miaka 23, kutoka jimbo la Washington.

Duhamel alipewa jeki wawili. Affleck, ambaye alikuwa amekaa baada yake, akapewa ree mbili.

Duhamel alifungua kwa kuongeza dau, kama mtu yeyote mwenye jeki wawili angefanya. Affleck akaongeza juu yake mpaka kama milioni 1.55. Mpaka hapa hakuna la ajabu. Duhamel akaongeza tena, mpaka karibu milioni 3.9. Na hapa ndipo kiti kinapoanza kufanya kazi yake, kwa sababu Affleck, mwenye mkono ambao hakuna mwingine unaoweza kuuzidi kabla ya flopu, hakuongeza tena. Alilipa tu.

Wengine watasema alikuwa mjanja. Mimi nasema alikuwa mjanja na alikuwa amekaa pazuri, na la pili ndilo lililoruhusu la kwanza. Jiweke upande wake ukiwa umekaa kiti kibaya: ukilipa kimya kimya na ree zako, flopu ikija wewe ndiye unayesema kwanza, na kimya chako kinageuka mzigo, maana lazima uamue kama utaendelea kujificha au utajitaja. Affleck hakuwa na tatizo hilo. Alijua kwamba kila hatua inayofuata Duhamel atasema kwanza, naye atachagua baada ya kusikia. Mwenye kiti kizuri anaweza kuficha mkono mkubwa bila kulipia. Duhamel, kwa upande wake, alikuwa amekuza lundo kwa hiari yake ili aende kulichezea kutoka kwenye kiti kibaya, akiwa na jozi ile ile ambayo flopu huivuruga zaidi ya nusu ya safari.

Flopu: kumi, tisa, saba. Kwa jicho la haraka ni flopu nzuri mno kwa jeki wawili. Hakuna karata iliyo juu yao, na nane yoyote itakayokuja itawapa mfuatano wa karata tano. Milioni 5 zikaingia kutoka kila upande.

Karata ya nne: malkia. Duhamel akapita. Affleck akasukuma katikati chipu zake zote zilizobaki, milioni 11.63.

Duhamel alifikiri kwa dakika kadhaa. Hebu nasi tufikiri naye. Lundo la katikati, pamoja na alichosukuma Affleck, lilikuwa kama milioni 30. Alitakiwa kulipa milioni 11.63 ili agombee jumla ya karibu milioni 42. Gawanya: anahitaji kushinda angalau mara 28 katika 100 ili malipo hayo yawe na maana. Je, angeshinda mara ngapi? Dhidi ya ree mbili karata zinazomwokoa ni nane zote nne, wafalme wote wanne na jeki wawili waliobaki. Kumi, kati ya 44 ambazo hazijaonekana. Ni kama asilimia 23.

Kwa hiyo kama angekuwa anaziona karata za mwenzake, angetupa. Lakini hakuziona. Ndiyo maana halisi ya kiti kibaya: alikuwa amepita hatua tatu akitoa habari zake na kupokea kidogo, na sasa anaulizwa swali kubwa kuliko yote akiwa na habari chache kuliko yote. Angeweza kujiambia kwamba labda Affleck ana jozi ndogo kuliko yake, kumi wawili au tisa wawili (ingawa hao flopu imewafanya watatu), au ree na mfalme wasio na kitu. Labda.

Akalipa. Karata zikafunuliwa. Affleck alikuwa mbele, 77 kwa 23, katika lundo ambalo lingempa karibu moja ya tano ya chipu zote zilizokuwa shindanoni. Kila kitu ambacho Brunson aliandika, Affleck alikuwa amekitekeleza: jozi bora, kiti bora, uvumilivu, na mpinzani ameingiza chipu zake akiwa nyuma.

Karata ya tano ikafunuliwa: nane.

Affleck alitoka mezani analia, na kamera zikamfuata. Alimaliza wa 15 na kupewa zaidi kidogo ya dola 500,000. Duhamel aliingia fainali akiwa na karibu chipu milioni 66 kati ya milioni 219 na ushee, mbali mbele ya wote, na Novemba akawa Mkanada wa kwanza kutwaa ubingwa huo. Dola 8,944,310.

Nimeusoma na kuutazama mgao ule mara nyingi. Vichwa vya habari vya wakati ule viliusimulia kama bahati, au kama msiba, kutegemea unamwangalia nani. Vyote viwili ni kweli. Kinachonikera ni kwamba habari ya maana zaidi inapotea kati ya hayo mawili. Ukiuliza nani alicheza vizuri, jibu halipo kwenye karata ya tano. Lipo pale Affleck alipolipa kimya kimya kabla ya flopu, na pale Duhamel alipoongeza tena dau akijua atasema kwanza mpaka mwisho. Katika migao 100 kama ule, karata ya nne ikiwa malkia na chipu zote katikati, Affleck anashinda 77. Tukio letu lilitoka kwenye zile 23, na ndilo lililoandikwa kwenye orodha ya mabingwa.

Nisimwonee Duhamel. Kuna shule ya pili katika historia ya jozi kubwa na kiti kibaya, nayo ni rahisi kuieleza: weka chipu zote kabla ya flopu. Chipu zikishaingia zote hakuna tena kusema kwanza wala kusema mwisho, karata tano zinafunuliwa na kiti hakina kazi. Mwaka 1989 Phil Hellmuth, miaka 24, aliweka zote kabla ya flopu akiwa na tisa wawili dhidi ya Johnny Chan aliyekuwa bingwa miaka miwili mfululizo. Chan akalipa na ree na saba, akapoteza. Mwaka 2009 Joe Cada wa miaka 21 alifanya hivyo na mbili mbili, akakutana na malkia wawili wa Mfaransa Antoine Saout, flopu ikamletea mbili ya tatu. Jozi ndogo hushinda jozi kubwa namna hiyo kama mara moja katika tano. Cada akawa bingwa.

Njia hiyo ina gharama yake, bila shaka. Ukiwa na chipu nyingi na ukazisukuma zote, wenye mikono dhaifu watakimbia na utaachiwa vijisenti vya madau ya lazima, wenye mikono mikubwa watakulipa. Tumerudi kwa Brunson: kushinda kidogo, kupoteza kingi. Inafaa zaidi kwa mwenye chipu chache. Ndiyo maana wachezaji wa zama za intaneti, waliocheza migao mingi kwa mwezi kuliko Moss kwa miaka, walikaa wakapiga hesabu ya ni chipu ngapi zinakutosha kucheza jozi yako polepole kutoka kiti kibaya, na ni ngapi ambazo chini yake ni bora usukume tu.

Baadaye zikaja kompyuta zenyewe. Januari 2017 programu iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wataalamu wanne, mmoja mmoja, katika jumla ya migao 120,000 huko Pittsburgh. Mwaka 2019 nyingine iitwayo Pluribus ikashinda kwenye meza ya watu sita. Zipo pia programu ambazo mchezaji yeyote anaweza kununua na kuzifanyia mazoezi nyumbani. Nilitegemea zingekuja na siri mpya kabisa kuhusu kiti kibaya. Kwa kiasi kikubwa zimesema alichosema mzee wa Texas, ila kwa desimali. Ukisema kwanza, cheza mikono michache. Usikuze lundo ovyo. Na, hapa ndipo kuna kitu ambacho wazee hawakukifanya sana, pita mara nyingi hata ukiwa na mkono mzuri, ili mwenzako asijue kupita kwako kuna maana gani. Yule mnunuzi wa Kariakoo angelielewa hili: kama unajua utalazimishwa kusema kwanza, jizoeze kusema sentensi ile ile uwe na elfu kumi mfukoni au elfu hamsini.

Mwaka 2024 shindano kuu lilikuwa na washiriki 10,112, rekodi mpya. Wengi wao wamejifunza kwa programu hizo. Kiingilio bado dola 10,000, kidude bado kinahama kiti kimoja kimoja.

Na Duhamel? Fainali ya Novemba 2010, wakiwa wamebaki watatu, alipewa malkia wawili. Joseph Cheong, Mmarekani, akaongeza, Duhamel akaongeza, Cheong akaongeza, Duhamel akaongeza tena, mpaka Cheong akasukuma zote kabla ya flopu akiwa na ree na saba. Lundo lilipita chipu milioni 170, kubwa kuliko lolote lililowahi kuonekana katika shindano hilo mpaka wakati ule. Safari hii Duhamel hakuwa na cha kukisia. Flopu ilikuwa bado haijafunuliwa, na swali lilikuwa moja tu. Alilipa haraka.